Kitabu Kikizungumza, Nyumba Ijibu

Katika nyumba moja ya Kisugu, chini ya kilima cha Muyenga mjini Kampala, cherehani huanza kulia mara baada ya chakula cha usiku. Mwenye cherehani ni mama mjane, mshonaji wa sare za watoto wa shule. Kando yake, juu ya kasha la nyuzi, huwekwa redio ndogo ya kutia kadi. Majirani wapitao dirishani hudhani wanasikia taarifa ya habari isiyokwisha. Kumbe si taarifa ya habari. Ni kitabu kinasomwa.

Mama huyo alizaliwa Kisumu na kulelewa kwa Kiswahili, akaolewa Kampala katika ukoo wa Kiganda, na tangu ujana wake alikuwa msomaji asiyechoka. Mambo yalibadilika alipopatwa na mtoto wa jicho. Kitambaa aliweza bado kukiongoza kwa vidole, lakini herufi haishikiki kwa kidole. Alipokuwa akingoja zamu yake ya upasuaji, mpwa wake alimletea kadi iliyojaa vitabu vya kusikiliza: historia na riwaya za kale, vyote kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo amesikiliza vingi, na kwa kuwa ni mtu wa kufikiri, amejijengea maoni yake mwenyewe.

Maoni hayo yafaa kuzingatiwa na kila nyumba yenye redio au simu, hasa nyumba yenye watoto. Maana kimoja katika vitabu hivyo nusura kimtie mjukuu wake aibu ya kuwa yeye ni nani.

VITABU HIVI VYATOKA WAPI

Kusomewa kitabu si jambo geni. Tenzi za pwani, kama ule Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, zilitungwa ili zighaniwe, na wengi waliozijua walizipokea kwa masikio kabla ya macho. Mwaka huo huo wa 1858, huko Uingereza, mwandishi Charles Dickens alianza kupanda jukwaani na kuwasomea watu riwaya zake kwa kiingilio. Mwaka 1935 nchi hiyo ilianza kutoa vitabu vilivyorekodiwa katika sahani za santuri kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya santuri zikaja kanda, na baada ya kanda ikaja simu ya mkononi.

Vitabu vingi vya kadi ile ya Kisugu ni matunda ya watu wa kujitolea. Mwaka 2005 Hugh McGuire, mkazi wa Montreal nchini Kanada, alianzisha jumuiya iitwayo LibriVox. Wanachama wake husoma vitabu kwa sauti, kila mmoja nyumbani kwake, wakavirekodi na kuvitoa bure kwa yeyote avitakaye. Sharti lao ni kwamba kitabu kiwe kimekwisha muda wa hakimiliki kwa sheria ya Marekani, na muda huo aghalabu hupita umri wa mtu.

Kwa hiyo, kitabu cha bure ni kitabu cha zamani. Hapo ndipo ilipo faida yake, na hapo ndipo ilipo hatari.

MAONI YA MSIKILIZAJI

La kwanza alilolitambua mama huyo ni kwamba sauti ya msomaji ni nusu ya kitabu. Katika historia hupendelea sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, yenye mwendo wa kadiri, isiyojitia maigizo. Vipo vitabu ambavyo kila sura husomwa na mtu mwingine. Leo mzee wa sauti nzito, kesho msichana mwenye haraka. Kila sauti inapobadilika, yeye huona kana kwamba amehamishiwa nyumba nyingine na kuanza upya kutafuta mlango.

La pili ni kwamba riwaya husikika vyema kuliko historia. Riwaya za Dickens zilitolewa kwa sehemu, nazo zilisomwa kwa sauti majumbani, baba au mama akisoma na wengine wakisikiliza. Kila sehemu hukomea mahali pa kumfanya mtu aitamani ya kesho. Kadhalika tamthilia. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri kazi za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alikuwa akifasiri maneno yaliyotungwa yatamkwe. Lakini historia ina miaka, majina na sababu, na sikio peke yake halina mahali pa kuyaweka. Msomaji wa kitabu hurudi nyuma kurasa mbili. Msikilizaji aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano amekwisha pitwa na ufalme mzima. Ndiyo maana alimwagiza mjukuu wake anunue daftari, ambamo kila usiku huandikwa majina na miaka iliyotajwa.

La tatu ni kuhusu vitabu vilivyofupishwa. Katika riwaya iliyofupishwa mtu hukosa ladha; katika historia iliyofupishwa hukosa sababu. Vita hubaki, lakini chanzo cha vita kimekatwa. Mama huyo husema kwamba suruali iliyofupishwa yaweza kuvaliwa, ila mtu asidanganywe kwamba ndivyo ilivyokuwa ilipotoka kwa fundi.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo hakulipata kwa kufikiri bali kwa kupatwa.

KITABU CHA SPEKE

Miongoni mwa vitabu vya kadi ile kilikuwamo kile cha John Hanning Speke, kilichochapwa mwaka 1863, kuhusu safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Mama alikichagua kwa furaha, kwa sababu kinasimulia mahali anapopajua. Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi Februari 1862, katika makao makuu yaliyokuwa Banda, kilima kilichoko leo kando ya barabara ya kwenda Jinja. Kutoka Kisugu hadi Banda ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Ni nadra kitabu cha kale kuzungumza juu ya kilima ambacho msikilizaji hukipita akienda kununua vitambaa.

Mjukuu wake, mtoto wa kiume wa darasa la saba, alikuwa akisikiliza huku akifanya kazi zake za shule. Siku za kwanza alifurahi. Alicheka jinsi msomaji wa ng'ambo alivyoyakwaa majina ya Karagwe na Bunyoro. Kisha ukafika usiku wa habari ya bunduki.

Speke anaeleza kwamba alimpa Kabaka bunduki kuwa zawadi. Kabaka akaishindilia moja kwa mkono wake, akampa mtumishi mmoja wa kiume, kijana mdogo, akamwamuru atoke akampige mtu uani ili ijulikane kama inafanya kazi. Kijana akaenda, akarudi amefurahi, akasema imefanya kazi. Mwandishi anaongeza kwamba hakuona yeyote aliyetaka kujua ni nani aliyeuawa.

Cherehani ilisimama. Redio iliendelea. Mtoto hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni wa kawaida wa nyumba hiyo, shemeji yake mama, kaka wa marehemu mumewe, mwalimu mstaafu. Kama ilivyo desturi yake alimwuliza mtoto maendeleo ya masomo, akataka kusikia habari za wafalme wa Buganda.

"Sizitaki," alijibu mtoto. "Walikuwa wakiua watu kwa mchezo. Kitabu kimesema."

Mzee alipokwisha kuelezwa ni kitabu gani, alikasirika. "Shemeji, kitu hiki kitoke nyumbani. Miaka yangu yote ya ualimu nimewafundisha watoto wasimame wima, na wewe wamleta Speke usiku amwambie mtoto ainame!"

"Nikikitoa leo, shemeji," alijibu mama, "mtoto atabaki na alichokwisha kukisikia, wala hatakuwa na mahali pa kukiuliza."

VINYWA VINNE

Jioni ile mama aliirudisha sura ile ile. Safari hii kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Mzee alikubali kubaki.

Hakumwambia mtoto kwamba jambo lile halikutokea. Wafalme wa Buganda walikuwa na mamlaka makubwa juu ya uhai wa watu, na waandishi wa Kiganda wenyewe hawakuficha mauaji yaliyofanywa barazani. Kumficha mtoto ukweli ni kumwandalia siku ya kuabika mbele ya wengine. Alichofanya ni kusimamisha redio na kuuliza.

"Bunduki ile imetoka wapi?"

"Kwa Speke," alisema mtoto.

"Na Speke alikuwa wapi kijana alipotoka nayo?"

"Alikuwa pale pale."

"Alizuia?"

Mtoto alifikiri. "Hakusema kwamba alizuia."

"Basi jina la aliyeuawa, yeye Speke alilitafuta?"

"Hapana, Jjajja. Naye hakulitaja."

Hapo yule mzee, aliyekuja amekasirika, alivuta kiti karibu. Alikumbuka sehemu ya kitabu hicho inayoeleza jinsi mazungumzo ya baraza lile yalivyokwenda, akaomba itafutwe. Speke hakujua Kiganda. Alisema na kiongozi wa msafara wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani. Bombay alimpasha Nasib, mkalimani aliyekijua Kiganda. Nasib alimpasha Maula, ofisa wa Kabaka, kwa kuwa haikuwa adabu neno limfikie Kabaka ila kwa kinywa cha ofisa wake. Ndipo Maula akamwambia Kabaka.

"Hesabu vinywa," alisema mzee.

"Vinne," alijibu mtoto. "Speke, Bombay, Nasib, Maula."

"Kitabu kimeandikwa na wangapi?"

"Mmoja."

Yafaa msomaji atafakari hesabu hiyo. Bombay alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, baadaye na Stanley na Cameron. Ni wachache wa karne ile walioikanyaga Afrika kwa miguu kama yeye. Alifariki mwaka 1885, na hakuacha kitabu. Nasib na Maula hawakuacha pia. Kwa hiyo kila asikilizaye leo habari za baraza la Banda husikia kinywa kimoja, na juu yake sasa kimeongezeka kinywa cha tano, cha msomaji wa ng'ambo, ambaye sauti yake tulivu humfanya mtu aamini kwamba hakuna la kuuliza.

Hilo ndilo oni la nne la mama wa Kisugu. Ukurasa huonekana kuwa karatasi, na karatasi mtu anaweza kuitilia shaka. Sauti huingia nyumbani kama mgeni mwenye heshima. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkatizi mgeni anaposema. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba hana budi kumruhusu mtoto kukatiza.

JIBU LA MTOTO

Jumapili ya pili mzee alikuja na kitabu kikuukuu mkononi. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda Uingereza kwenye sherehe za kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Alifuatana na mwandishi wake, Ham Mukasa, ambaye alieleza safari nzima kwa Kiganda: meli, treni, mji wa London na watu wake. Tafsiri ya Kiingereza ilichapwa mwaka 1904, na mwaka 1975 Taban lo Liyong aliitoa tena baada ya kuihariri. Nakala ya mzee ilikuwa hiyo ya 1975.

Miaka 40 tu ilikuwa imepita tangu Speke asimame Banda akiwatazama Waganda, na sasa Mganda alikuwa amesimama London akiwatazama Waingereza. Lakini kitabu hicho hakikuwamo katika kadi. Macho ya mama hayakuweza, na mzee alikuwa na safari. Ikabaki kazi ya mtoto. Alikaa karibu na taa, simu ya mama yake mdogo ikawekwa mezani ili kurekodi, akaanza kusoma.

Alisoma vibaya. Alikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, akameza nukta, akayapita majina. Bibi yake alimsimamisha, akamrudisha, akamfundisha kupumua kwenye nukta na kulitamka jina la mtu kana kwamba mwenyewe yuko chumbani. Sura ya kwanza iliwachukua siku tatu. Ya pili ikachukua mbili.

Mama hakumwacha Ham Mukasa apite bila maswali. Alipoona msafiri anasifu sana wenyeji wake, alisimamisha. "Huyu naye ni mgeni wa nani? Nani anamlipia nauli? Hakuonyeshwa nini?" Mtoto aliandika maswali hayo chini ya yale ya Speke, daftari lile lile. Akatambua kwamba maswali hayakuwa adhabu kwa Mzungu wala upendeleo kwa Mwafrika. Yalikuwa kipimo kimoja, kama utepe wa kupimia wa fundi, usiobadili inchi zake kwa sababu ya anayepimwa.

KAZI ILIYO MBELE

Habari ya nyumba moja yaonyesha upungufu wa nchi nyingi. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vinasikika bure, ilhali vya wenyeji wa Afrika Mashariki vingi bado vimekaa kimya rafuni. Sababu si sheria daima. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 huilinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Apolo Kagwa, aliyeandika Basekabaka be Buganda mwaka 1901, alifariki mwaka 1927. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1905. Maneno yao ya asili yamekwisha kuwa huru zamani; kilichokosekana ni vinywa vya kuyasoma.

Kwa wasioona, mlango umefunguliwa zaidi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2018, huruhusu, kwa masharti yake, hata vitabu vyenye hakimiliki vigeuzwe kuwa vya kusikiliza kwa ajili ya vipofu na wenye macho dhaifu. Na kwa upande wa lugha, mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyosomwa kwa sauti nyumbani itabaki kwenye majalada.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kwanza, kitabu cha historia kisisikilizwe na mtoto peke yake masikioni. Kisikike chumbani, ambapo mkubwa aweza kusimamisha.

Pili, kabla ya kuanza, mtoto aambiwe kitabu kiliandikwa mwaka gani, na nani, na kwa ajili ya wasomaji gani. Kitabu cha mwaka 1863 kiheshimiwe kama shahidi, kisitiiwe kama hakimu.

Tatu, liwepo daftari. Kila usiku iandikwe miaka, majina, na swali moja lisilojibiwa.

Nne, kila sauti ya mgeni itafutiwe sauti ya mwenyeji. Ikiwa haimo katika kadi, huenda imo kabatini kwa mzee wa ukoo.

Tano, vitabu vichukuliwe mara moja mahali penye intaneti ya nafuu na kuwekwa katika kadi, ili fedha za nyumba zisiliwe na vifurushi, na umeme ukikatika redio ya betri iendelee.

Kitabu cha Speke hakikutolewa katika nyumba ile ya Kisugu. Kimo bado katika kadi, na kando yake sasa imo sauti ya mtoto wa darasa la saba akimsoma Ham Mukasa, pamoja na mlio wa cherehani kwa mbali na kikohozi cha mzee. Mama huisikiliza anapopinda mikono ya sare. Juzi alifika mahali ambapo mtoto amekwaa jina la mji wa Kiingereza, akacheka peke yake, na kumwita kutoka uani alikokuwa akipuliza sigiri.

"Jjajja, nirudie?" aliuliza mtoto.

"Acha," alijibu. "Nao waliyakwaa ya kwetu. Lakini kesho tulitafute linavyotamkwa."